Ukipewa notisi ya kuhama Nairobi: hatua za mpangaji kuanzia siku ya kwanza

Notisi ya kuhama haimwondoi mtu katika nyumba. Kinachomwondoa, kwa mujibu wa sheria za Kenya, ni amri ya mahakama au ya jopo lililopewa mamlaka hayo, na kati ya notisi na amri hiyo kuna muda, kuna taratibu, na kuna nafasi ya mpangaji kusikizwa. Wapangaji wengi hawaijui nafasi hii, na ndiyo sababu familia nyingi hufunga mizigo na kupakia mkokoteni usiku kabla ya mtu yeyote kukanyaga mahakamani. Mwongozo huu ni wa mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja Mathare, Mukuru, Kibera, Kayole au Kawangware, ambaye kipato chake ni cha kibarua au cha biashara ndogo, na ambaye akikosa kazi wiki mbili huanza kumkwepa mwenye nyumba.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: sheria haifuti deni. Ukidaiwa kodi utaendelea kudaiwa, na mahakama inaweza hatimaye kuamuru uondoke na ulipe. Ambacho sheria inakupa ni muda na heshima, yaani nafasi ya kutafuta pesa au chumba kingine bila watoto kulala nje na bila vyombo vyako kurushwa barabarani. Kwa mtu asiye na akiba, muda huo una thamani kubwa, na haupatikani kwa kunyamaza.

Isome notisi yenyewe

Mara nyingi notisi huwa ni kipande cha karatasi ya daftari kilichosukumwa chini ya mlango, au ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi wa ploti usemao uwe umetoka kufikia Jumatatu. Usiikunje na kuitupa kwa hasira. Ipige picha, kisha uandike nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea, jina la aliyeileta, na jina la jirani aliyekuwepo. Kama ni ujumbe wa simu, usiufute, na umtumie ndugu au rafiki nakala ili hata simu ikiibwa ushahidi ubaki. Ukitakiwa kutia sahihi, andika kwamba umepokea na uweke tarehe. Usitie sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba umekubali kuhama, hata ukiambiwa kuwa ni utaratibu wa kawaida tu.

Baada ya hapo, hesabu siku. Kama una mkataba wa maandishi, tafuta kifungu kinachotaja muda wa notisi, kwa kuwa hicho ndicho kinachotangulia. Kama huna mkataba wowote, na wengi katika ploti za mabati hawana, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inakuhesabu kuwa mpangaji wa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile unacholipia kodi. Kifungu cha 57 kinasema kwamba notisi isipungue urefu wa kipindi hicho, na imalizike katika siku ambayo kodi hulipwa. Tuchukue mfano wa mtu anayelipa kodi kila tarehe 5 na ambaye amepewa notisi tarehe 12 Machi. Mwezi mmoja kamili unamfikisha tarehe 12 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei, kwa hiyo notisi inayomtaka atoke tarehe 31 Machi haikidhi sheria. Tofauti hiyo ya mwezi na siku kadhaa inaweza kumtosha mtu kupata kibarua kingine, au kusubiri watoto wafunge shule.

Wengi mijini hulala na kufanya biashara katika chumba kimoja, mbele kukiwa na duka na nyuma kitanda. Ikiwa chumba kilikodishwa kwa ajili ya biashara, inaweza kuhusika sheria nyingine kabisa, ile ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula, yaani Sura ya 301. Chini ya sheria hiyo, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hulindwa: notisi ya kumwondoa au ya kumwongezea kodi lazima iwe katika fomu maalumu na impe angalau miezi miwili. Usipoikubali, peleka pingamizi lako katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla siku ya notisi haijafika. Ukiiacha siku hiyo ipite bila pingamizi, notisi huanza kutumika dhidi yako.

Kusanya karatasi kabla ya kukusanya vyombo

Katika mzozo wa kodi, anayeshinda mara nyingi ni mwenye karatasi, na kwa bahati mbaya mwenye nyumba ndiye huwa nazo. Nunua daftari moja na faili ya plastiki. Katika daftari andika, mwezi kwa mwezi kadiri unavyokumbuka, kodi uliyolipa, siku uliyolipa, na uliyemkabidhi. Ikiwa ulikuwa ukilipa kwa M-Pesa, kazi inakuwa rahisi, kwa kuwa unaweza kuomba taarifa ya miamala yako yote kupitia simu na kuichapisha kwenye saiba. Weka alama kwenye kila malipo yaliyokwenda kwa mwenye nyumba, kwa ajenti au kwa msimamizi wa ploti. Jina linalotokea kwenye muamala ni muhimu sana, maana wapo wasimamizi wanaopokea kodi kwa nambari zao binafsi na baadaye mwenye nyumba akadai kwamba hakuona chochote. Aliyekuwa akilipa taslimu bila risiti atafute majirani wanaojua desturi ya ploti hiyo: nani hupita kukusanya, siku gani, na kama kuna kitabu anachotia alama.

Piga pia picha za chumba kilivyo sasa: kuta, mlango, paa, mita ya stima, na choo mnachotumia kwa pamoja. Picha hizo zitakusaidia ukishtakiwa kwamba umeharibu nyumba, na zitakusaidia vilevile ukidai amana yako. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitabu vya kliniki na karatasi za shule vitie katika mfuko mmoja unaoweza kubebwa kwa mkono mmoja, na umweleze mtu mwingine nyumbani ulipo. Watu waliobomolewa nyumba asubuhi mapema wamewahi kuokoa godoro na sufuria huku vitambulisho vikibaki chini ya vifusi, na mtu asiye na kitambulisho hufungiwa milango mingi, kuanzia kukodi chumba kipya hadi kupata msaada wa dharura.

Jibu kwa maandishi

Notisi isiyojibiwa huonekana kama imekubaliwa. Andika barua fupi yenye adabu, bila matusi na bila historia ndefu ya maudhi ya miaka iliyopita. Mfano huu unaweza kunakiliwa na kubadilishwa kulingana na hali yako:

"Kwa mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wa chumba nambari ___ katika ploti yako iliyoko ___. Nimepokea notisi ya kuhama tarehe ___, inayonitaka niondoke kufikia tarehe ___. Kodi yangu ni shilingi ___ kwa mwezi na hulipwa kila tarehe ___. Muda uliotajwa haufikii muda unaotakiwa na sheria, na kwa hiyo siikubali notisi hiyo. Nakiri kwamba nina malimbikizo ya shilingi ___, na napendekeza kulipa shilingi ___ kila tarehe ___ pamoja na kodi ya kawaida hadi deni liishe. Naomba tukutane tuzungumze. Naomba pia nisifungiwe nyumba, wala nisikatiwe maji au stima, wakati mazungumzo yanaendelea."

Sehemu ya malimbikizo iandikwe ikiwa deni lipo kweli na kiasi unakijua. Usikiri kiasi usichokuwa na uhakika nacho. Tengeneza nakala mbili, umpe yeye moja, na uombe yako itiwe sahihi ya kupokelewa. Akikataa kuipokea, ipige picha na uitume kwa simu yake, ambako itabaki na tarehe na saa.

Ukiwa na deni, zungumza mapema

Mwenye nyumba mdogo wa mtaa wa mabanda naye mara nyingi ana mkopo na watoto shuleni, na chumba kitupu humletea hasara. Wengi wako tayari kupokea nusu leo kuliko kungoja kesi. Ila mapatano ya mdomo huvunjika kwa urahisi, hasa pale msimamizi anapobadilishwa. Yaandikeni: kiasi cha deni, kiasi cha kila awamu, siku za kulipa, na ahadi kwamba notisi inasimama maadamu awamu zinalipwa. Mzee wa Nyumba Kumi au chifu anaweza kuwa shahidi wa mapatano hayo, na pengine akatuliza hasira, lakini hana mamlaka ya kuamuru mtu atolewe nyumbani. Afisa wa polisi pia hana mamlaka hayo bila amri ya mahakama.

Nashauri kwa dhati mtu asiahidi zaidi ya anachoweza kulipa. Ahadi ya shilingi 500 kila wiki inayotimizwa ina nguvu kuliko ahadi ya shilingi 6,000 mwisho wa mwezi isiyotimizwa, kwa sababu kila malipo madogo yenye rekodi yanaonyesha mbele ya hakimu kwamba hukukataa kulipa. Vilevile jihadhari na mikopo ya simu kwa ajili ya kodi. Deni la mwenye nyumba unaweza kulizungumzia uso kwa uso, lakini la programu ya mkopo huongezeka kila siku na huwafikia jamaa zako kwa simu za aibu.

Ukikuta kufuli mlangoni

Hili ndilo tukio linalowatisha wapangaji kuliko mengine. Unarudi jioni kutoka kibaruani, na juu ya komeo lako kumewekwa kufuli jipya, la rangi nyingine, na funguo ziko kwa msimamizi. Ndani kuna chakula, sare za shule, pengine dawa za mgonjwa. Wengine hukuta mlango wenyewe umeng'olewa au mabati ya paa yametolewa, na wengine hukatiwa maji na stima hadi wachoke wenyewe.

Usivunje kufuli. Najua uchungu wa ushauri huu kwa mtu mwenye watoto waliosimama nje gizani, lakini kuvunja kunampa mwenye nyumba nafasi ya kukushtaki kwa uharibifu na kukugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Piga picha ya mlango na kufuli. Mpigie simu mwenye nyumba mbele ya mashahidi na umwombe afungue. Akikataa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe malalamiko katika kitabu cha matukio, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya malalamiko yako katika kitabu hicho. Eleza kwa utulivu kwamba umefungiwa bila amri ya mahakama na kwamba vitu vyako viko ndani. Afisa akikwambia kwamba hilo ni suala la madai, mjibu kwamba unachoomba ni lirekodiwe tu. Nambari hiyo ndiyo itakayothibitisha siku na saa uliyofungiwa utakapofika mahakamani.

Kwa nyumba zinazolindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambazo ni nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Kiwango hicho cha kodi hakijapandishwa kwa miongo mingi, na kimewaacha nje ya ulinzi huo wapangaji wengi ambao ni maskini kwa kipimo chochote. Ni dosari kubwa ya sheria yetu. Hata hivyo vyumba vya mabati vya kodi hiyo bado vipo katika mitaa mingi ya mabanda, na anayeishi katika kimoja ana kinga nzito kuliko anavyodhani.

Wakati mwingine anayekuja ni dalali mwenye vijana na gari, akidai amekuja kuchukua vyombo kwa ajili ya kodi. Sheria ya kukamata mali kwa sababu ya kodi ipo, ni Sura ya 293, lakini mwenye nyumba mwenyewe na vijana wake hawaruhusiwi kuitumia kwa mikono yao. Anayetakiwa ni dalali mwenye leseni. Mwombe akuonyeshe leseni yake na barua ya maagizo kutoka kwa mwenye nyumba, umwombe aandike orodha ya kila kitu anachokigusa, na uipige picha orodha hiyo. Ikiwa kodi yako iko chini ya ulinzi wa Sura ya 296, mali yako haiwezi kukamatwa bila idhini ya Jopo la Udhibiti wa Kodi za Nyumba. Kukamata vyombo ni kudai deni, na dalali aliyetumwa kwa ajili ya kodi hana ruhusa ya kukutoa chumbani.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Ukiwa ndani ya kiwango cha shilingi 2,500, nenda kwenye Jopo la Udhibiti wa Kodi za Nyumba. Linaweza kuchunguza malalamiko ya mpangaji au ya mwenye nyumba, kupanga kodi inayostahili, na kuamua kama mwenye nyumba ana sababu ya kurudishiwa chumba chake. Ukiwa juu ya kiwango hicho, kesi huenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kusikiliza mizozo ya ardhi, au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Unachoomba kwanza ni agizo la muda la kuzuia kufukuzwa hadi kesi isikilizwe, na ombi la namna hiyo huwasilishwa kwa hati ya dharura, yaani hati inayoiomba mahakama ilisikilize haraka. Hapa ndipo faili yako ya plastiki inapofanya kazi, kwa kuwa hakimu ataamua ndani ya muda mfupi kwa kutazama karatasi zilizo mbele yake.

Gharama isikuzuie kabla ya kuuliza. Kituo Cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, limewasaidia wapangaji na wakaazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa miaka mingi bila malipo. FIDA Kenya, shirikisho la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake, na wapo wanawake wengi wanaofukuzwa na wakwe au waume katika nyumba ambazo wao wenyewe ndio waliokuwa wakizilipia kodi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasioweza kumudu wakili. Na ikiwa shauri lako linahusu haki za kikatiba, Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba hakuna ada inayotozwa kulifungua, na kwamba mahakama ikihitajika itapokea hata maelezo yasiyo rasmi.

Mtaa mzima unapotakiwa kuhama

Hadi hapa tumezungumza juu ya mpangaji mmoja na mwenye nyumba wake. Nairobi ina balaa jingine, ambapo alama nyekundu huchorwa kwenye kuta za mtaa mzima na tingatinga huja alfajiri. Mei 2020, wakati wa korona na mvua, maelfu ya watu waliondolewa Kariobangi ingawa walikuwa wamepata agizo la mahakama la kusimamisha ubomoaji. Mwaka 2021 makumi ya maelfu walibomolewa Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, waliokuwa kando ya mito waliamriwa kuondoka kwa muda wa saa 24.

Sheria inayotumika hapa ilitungwa mwaka 2016, pale Sheria ya Ardhi ilipoongezewa vifungu vya 152A hadi 152I. Inawahusu hata watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao. Inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu, na kwenye ardhi ya umma notisi hiyo itangazwe gazetini na isomwe redioni kwa lugha inayoeleweka, ilhali kwenye ardhi ya kibinafsi penye watu wengi itangazwe katika magazeti na ibandikwe mahali pa wazi. Siku ya kuondolewa, wanaofanya kazi hiyo lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini yao, utu na uhai wa wakaazi ulindwe, watoto, wazee na watu wenye ulemavu wapewe uangalizi maalumu, na wakaazi wenyewe wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa mali yao. Haki hii ya mwisho hutajwa mara chache, lakini bati na mbao zilizotolewa kwa mkono zinaweza kujenga tena, ilhali zilizosagwa na tingatinga hazifai kitu. Yeyote aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 152F, na mahakama inaweza kuifuta notisi, kuisimamisha, kuibadilisha au kuamuru fidia.

Hatua ya kwanza ya mtaa ni orodha. Chagueni kamati ndogo inayoaminika, wanawake wakiwemo, kisha pigeni nambari kila mlango na kuandika wanaolala nyuma yake: majina, nambari za vitambulisho, idadi ya watoto, wagonjwa, miaka waliyokaa hapo, na kama wanamiliki kibanda au ni wapangaji. Sisitizeni kuwaandika wapangaji. Mazungumzo ya fidia Nairobi huwa na mwelekeo wa kuwakumbuka wenye vibanda na kuwasahau wanaolipa kodi, ambao ndio wengi na ndio wanaobaki bila pa kulala. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakaazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996, lina uzoefu mkubwa wa kuhesabu mitaa kwa njia hii, na takwimu zilizokusanywa na wakaazi na washirika wao zilisaidia Mukuru kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Andikeni orodha hiyo nakala tatu, mbili zihifadhiwe katika nyumba tofauti na moja nje ya mtaa.

Hatua ya pili ni kuuliza kwa maandishi. Barua ya kamati iende kwa ofisi inayodai ardhi, kwa naibu kamishna wa kaunti, kwa kituo cha polisi na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ikiuliza ni nani aliyeidhinisha kuondolewa huko, kwa sheria gani, na wakaazi wapelekwe wapi. Barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri huwafanya maafisa wasiweze kudai baadaye kwamba hawakujua kuna watu.

Hatua ya tatu ni mahakama, na hapa wakaazi wana kesi moja ya kuishika mkononi. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilipewa notisi ya siku saba kupitia gazeti Septemba 2011, na Novemba kikabomolewa wakati kesi ikiwa mahakamani. Wakaazi, kupitia chama chao cha Mitu-Bell, walifuata shauri hilo hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 11 Januari 2021 iliamua kwamba watu wasio na ardhi wanaokalia ardhi ya umma na kujenga makao hapo hawapati hatimiliki, ila wanapata haki ya makazi inayopaswa kulindwa. Wakili anayewatetea watu wa mtaa wa mabanda ataijua kesi hiyo, lakini ninyi wenyewe itajeni kwa jina katika barua zenu. Kesi ya wakaazi wa Muthurwa, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2013, nayo ni muhimu kwa waliokatiwa huduma ili wahame wenyewe.

Agizo la mahakama likipatikana, lichapisheni nakala nyingi. Lipelekwe kwa mkono kwenye kituo cha polisi, kwa naibu kamishna na kwa mwenye tingatinga, na mjumbe achukue sahihi au picha ya kila anayepokea. Yaliyotokea Kariobangi yanaonyesha kwamba agizo linaweza kupuuzwa, kwa hiyo wekeni zamu ya watu wa kukesha na orodha ya simu za mawakili na waandishi wa habari. Asiwepo wa kurusha jiwe. Tingatinga zikija licha ya hayo yote, wazee na watoto watangulizwe shuleni au kanisani au msikitini mlikokubaliana mapema, kijana mmoja apewe kazi moja tu ya kurekodi video akiwa mbali kidogo, huku akitaja kwa sauti tarehe, saa na nambari za magari, na wengine waokoe mali. Rekodi hiyo ndiyo itakayokuwa msingi wa dai la fidia.

Huenda wengine wakaona kuwa kuwatetea waliojenga kando ya mto ni kuwahatarisha. Mafuriko ya 2024 yaliua watu Mathare, na hakuna anayewapenda wakaazi hao atakayewaambia wakae pale maji yanapopita. Dai la haki ni kwamba mtu aondolewe hatarini akiwa na mahali pa kwenda, kwa taarifa inayolingana na hatari yenyewe, na mali yake ikiwa salama. Kumtoa mtu kando ya mto na kumwacha chini ya daraja si kumwokoa.

Ukiamua kuhama

Kuhama kwa hiari baada ya kupata muda na chumba kingine si kushindwa, ila kuhama kwa mpangilio. Mwite mwenye nyumba au msimamizi akague chumba ukiwepo, mpige picha pamoja, na mwandike kwamba chumba kimerudishwa siku fulani kikiwa katika hali fulani. Kabidhi funguo kwa sahihi. Soma mita ya stima na uiandike. Amana, yaani ile diposti uliyotoa ulipoingia, ni pesa yako isipokuwa kuna deni au uharibifu uliothibitishwa, na kupaka rangi ukuta uliochakaa kwa kukaliwa tu si uharibifu wa mpangaji.

Asiporudishiwa, mtu aandike barua ya kudai akitoa siku 14, na baada ya hapo aende Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Hahitaji wakili huko, na anaweza kueleza shauri lake kwa Kiswahili. Aende na daftari lake, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha siku aliyolipa amana, picha za siku ya kukabidhi funguo, na barua ya kudai pamoja na uthibitisho kwamba ilimfikia mwenye nyumba.